Mwongo Mmoja Andes: Kulifuata Jua kutoka Chankillo hadi Tiwanaku

Jumatano, 12 Juni 2024. Lima

Kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka una hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ndiyo tunayofungia na kufungulia. Ya pili ni ya jua, ile ya Nairuzi, ambayo wazee huigawa katika miongo ya siku kumi kumi ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa pepo kugeuka. Nilipopanga safari hii ya kuzitafuta kalenda za jua za kale katika milima ya Andes, Peru na Bolivia, niliamua ichukue mwongo mmoja kamili, kuanzia leo hadi tarehe 21, siku ambayo jua huwa limekwisha kufika kikomo chake cha kaskazini na kuanza kurudi. (Neno hilo hilo, mwongo, lina maana nyingine isiyopendeza, nami nitajitahidi isinihusu.)

Mchana niliingia Museo Larco, katika wilaya ya Pueblo Libre, kwa ajili ya khipu tu. Khipu ni kamba kuu moja iliyoning'inizwa nyuzi nyingi za pamba au sufu, na kila uzi una mafundo yanayosomwa kwa mafungu ya kumi: mamoja chini, makumi juu yake, mamia juu zaidi, na pasipo na fundo ndipo penye sifuri. Kwa njia hii Wainka, wenye dola ya Andes kabla ya Wahispania kufika, ambao hawakuwa na maandishi kama haya yetu, walihesabu watu, kodi na mavuno. Je, walihesabu na siku? Mtafiti Gary Urton alichunguza khipu moja kubwa kutoka Laguna de los Cóndores, kaskazini mwa Peru, akaona kwamba nyuzi zake zimepangwa katika mafungu 24 ambayo jumla yake ni 730, yaani miaka miwili ya siku 365. Hesabu hiyo inavutia sana, lakini uzi hausemi wenyewe kilichohesabiwa, na nilipokuwa mbele ya kabati lile la kioo niliona kwamba sitaielewa kalenda ya Andes nikiwa ndani ya nyumba.

Alhamisi, 13 Juni. Njiani kwenda Casma

Basi lilipita jangwani tangu asubuhi hadi alasiri, zaidi ya kilomita 350 kuelekea kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kushoto na mchanga mkono wa kulia. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 14 Juni. Chankillo

Tulifika gizani, mimi na kijana mwenyeji aliyeniongoza, tukangoja. Kulipambazuka bila jua kuonekana. Pwani ya Peru wakati huu wa mwaka hufunikwa na ukungu mzito unaopanda kutoka baharini, na leo ulikuwa umeingia bondeni hadi hapa tulipo. Minara ya mawe niliyoijia, ambayo ndiyo kalenda ya jua ya hapa, niliiona kama vivuli vya meno. Kijana alicheka akasema kwamba makuhani wa zamani nao lazima walirudi nyumbani hivi hivi siku nyingi. Sikucheka wakati ule, ila baadaye niliona amesema jambo la maana: kalenda inayosomwa kwa macho ni lazima iwe na namna ya kuvumilia siku ambazo macho hayaoni.

Jumamosi, 15 Juni. Chankillo tena

Leo mbingu ilikuwa safi, nami naandika kirefu kwa sababu sijawahi kuona chombo cha kupimia wakati kikubwa kama hiki.

Juu ya mgongo wa kilima kirefu kinachotoka kaskazini kwenda kusini imepangwa minara 13 ya mawe, ambayo safu yake ina urefu wa mita 300 hivi. Kila mnara ni kama kasha kubwa lenye ngazi za kupandia, wa chini kabisa ukiwa na mita 2 na wa juu kabisa mita 6, na kati ya mnara na mnara kuna pengo karibu sawasawa. Ilijengwa kati ya mwaka 250 na 200 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,600 kabla ya dola ya Wainka, na watu ambao hatujui walijiitaje. Upande wa magharibi wa kilima kuna mabaki ya jengo lenye ujia mrefu wa mita 40, usio na dirisha wala mlango wa pembeni, unaomfikisha mtu kwenye uwazi mmoja tu unaoelekea minara. Hapo mwanaakiolojia Iván Ghezzi wa Peru alikuta mabaki ya sadaka, na mwaka 2007 yeye na Clive Ruggles wa Uingereza walichapisha maelezo ya jinsi mahali hapo palivyotumika. UNESCO iliandikisha eneo lote kuwa urithi wa dunia mwaka 2021.

Namna ya kulisoma ni hii. Mtu akisimama magharibi kwenye uwazi ule, minara yote 13 huonekana mbele yake imekata anga kama meno ya msumeno, na safu yake kutoka mwanzo hadi mwisho inalingana na mwendo wote wa jua linapochomoza katika mwaka mzima. Mwezi Desemba jua huchomoza kwenye mnara wa mwisho wa kulia. Siku zinavyokwenda linahama kushoto, pengo baada ya pengo, hadi Juni linapochomoza upande wa kushoto wa mnara wa kwanza, kati yake na mteremko wa mlima Cerro Mucho Malo. Kilima cha asili kimefanywa mnara wa ziada. Upande wa mashariki kuna mahali pengine pa kusimama, na hapo minara hiyo hiyo hutumika kwa machweo.

Nilipiga hesabu kwenye daftari. Katikati ya mwendo wa jua, yaani Machi na Septemba, jua hukimbia, na kulivuka pengo moja hulichukua siku kama kumi, karibu mwongo mmoja wa Nairuzi, jambo lililonifurahisha ingawa najua ni sadfa tu ya umbali na pembe. Karibu na vikomo, kinyume chake, jua hutambaa: katika pengo la mwisho hukaa kwenda na kurudi zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo chombo hiki kina makali katikati na kinakuwa butu ncha zake, na anayetaka kujua siku yenyewe ya kikomo hana budi kuangalia siku nyingi mfululizo, kisha agawe katikati.

Jua lilichomoza kama dakika ishirini na tano baada ya saa kumi na mbili. Lilitokea pale pale lilipotakiwa, ila limesogea kulia kidogo, labda nusu ya upana wake lenyewe, kwa kuwa mwinamo wa dunia umepungua katika miaka 2,300 iliyopita. Nilisogea hatua kumi kushoto ili nipate picha nzuri, na mara jua likawa limekaa mahali pengine kabisa kuhusiana na mnara. Ndipo nilipoelewa kazi ya ujia ule wa mita 40. Minara ni nusu tu ya kalenda. Nusu ya pili ni mahali pa kusimama, na mahali hapo palikuwa na mlango mmoja ambao si kila mtu aliruhusiwa kuupita.

Jumapili, 16 Juni. Cusco

Ndege kutoka Lima ilitupandisha hadi mita 3,400 kwa saa moja na ushei, na kichwa changu hakikuridhika. Nilikunywa chai ya majani ya koka kama nilivyoshauriwa.

Dada yangu alinipigia simu. Ni Iddi ya Mfunguo Tatu, lakini kuna wanaoswali leo na kuna wanaosubiri kesho, na ubishi wa kuandama kwa mwezi uko vile vile kama kila mwaka. Nilimwambia kwamba na huku walikuwa na taabu iyo hiyo. Katika Kikechua, lugha ya Wainka, neno *killa* ni mwezi wa angani na pia ni mwezi wa kuhesabia siku, sawasawa na lugha yetu. Anayefuata miandamo 12 hupata siku 354, na anayefuata jua hupata 365. Zile 11 zilizobaki ndizo zinazoifanya Iddi yetu izunguke mwaka mzima. Sisi tumeziacha hesabu hizo mbili ziende kila moja kwa njia yake. Wainka, ambao sikukuu zao za miezi zilikuwa pia sikukuu za kilimo, hawakuweza kuziacha, na namna walivyozipatanisha bado inabishaniwa.

Mahali pa kuanzia ubishi huo ni Coricancha, hekalu la jua, ambalo juu yake Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, walijenga nyumba yao ya Santo Domingo. Tetemeko la mwaka 1950 liliangusha sehemu ya jengo la Kihispania na kufunua kuta za Kiinka, ambazo hazina udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Kutoka hapa, kama alivyoandika padre Bernabé Cobo mwaka 1653, mistari 41 isiyoonekana iliyoitwa *ceque* ilitawanyika kuelekea pembe nne za dola, na juu yake yalikuwa maeneo matakatifu 328: chemchemi, majabali, mapango, vilima. Kila mstari ulikuwa na ukoo wake wa kuutunza.

Mholanzi R. Tom Zuidema aliitazama ile 328 akaona ndani yake mwaka. Mwezi hurudi kwenye nyota zile zile kila baada ya siku 27 na theluthi, na mara 12 ya hizo ni 328 kamili. Siku 37 zinazobaki kufikia 365, alisema, ni zile ambazo Kilimia, lile kundi la nyota, hakionekani angani. Kwa maoni yake mji mzima ulikuwa khipu iliyotandazwa ardhini, kila jiwe siku moja. Nadharia hii ni nzuri mno, na uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi. Brian Bauer, aliyeitembea mistari hiyo kwa miguu, alikuta mingi inapinda na kuzungukazunguka, na Cobo mwenyewe hasemi popote kwamba orodha yake ni ya siku. Mimi nakubaliana na wenye shaka, huku nikitamani Zuidema awe ndiye aliyepatia.

Jambo moja katika orodha hiyo halihitaji nadharia yoyote. Kwenye mstari wa kumi na tatu wa Cuntisuyu, mojawapo ya zile pembe nne za dola, Cobo anataja kilima cha Chinchincalla, kilichokuwa na nguzo mbili, na jua lilipozifikia ulikuwa wakati wa kupanda. Nguzo za namna hiyo zilizunguka upeo wa macho wa Cusco, na waandishi kadhaa wa zamani wanazitaja ingawa hawapatani juu ya idadi yake. Hakuna hata moja iliyosimama leo. Jioni nilitoka nje nikatazama vilima pande zote, vimejaa nyumba na taa, nikajaribu kuotea zilikuwa wapi.

Jumatatu, 17 Juni. Urubamba

Ziko nguzo mbili zilizosalia, ila si Cusco. Katika bonde la Urubamba, mfalme Huayna Capac alijijengea makao yaliyoitwa Quespiwanka, na mtu akiwa katika uwanja wake huona juu ya mgongo wa mlima vituta viwili vidogo vilivyosimama jirani. Huko ndiko jua la Juni huchomozea. Tuliondoka Cusco saa kumi alfajiri, bure kabisa, maana mlima ni mrefu na jua lilichelewa hata miguu ikafa ganzi. Lilipotokea, mwanga ulishuka bondeni kama mtu anayekunjua mkeka, na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yakapata rangi.

Wenzangu wa nyumba ya wageni walinishangaa kwa kutokwenda Machu Picchu kuliona jiwe la Intihuatana, "mahali pa kufungia jua". Jina hilo ni tamu, kwani *watay* ni kufunga na *wata* ni mwaka. Lakini ni jina lililopewa jiwe hilo na watu wa karne za karibuni, na hakuna anayeweza kuonyesha kivuli chake kilipima nini. Kilicho imara zaidi huko ni dirisha la jengo la mviringo, ambalo jua la kikomo cha Juni hupenya ndani yake sambamba na ukingo uliochongwa kwenye mwamba. Ningekuwa na mwongo wa pili ningekwenda.

Jumanne, 18 Juni. Kutoka Cusco kuelekea ziwani

Siku nzima ndani ya basi katika uwanda wa juu, nyasi za manjano na alpaka. Kwa masafa mafupi ya muda, waandishi wa zamani wanaeleza, watu wa hapa walionyesha kwa mkono mahali jua litakapokuwa, au walisema muda wa kuchemka kwa chungu cha mbatata. Na mwendo waliupima kwa tonge la koka, yaani umbali ambao mtu hutembea kabla tonge moja halijaisha ladha mdomoni. Abiria wa jirani yangu, bibi wa makamo aliyevaa sketi nyingi moja juu ya nyingine, alikuwa anatafuna. Nilimuuliza kwa Kihispania changu kibovu kutoka pale hadi Puno ni matonge mangapi. Alifikiri kwa makini kabisa, akajibu kwamba kwa basi hakuna ajuaye.

Jumatano, 19 Juni. Kisiwa cha Jua, Ziwa Titicaca

Tulivuka mpaka kuingia Bolivia, tukasogeza saa zetu mbele kwa saa moja, na kutoka Copacabana tukachukua boti. Ziwa liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake si ya mtu wa pwani.

Upande wa kaskazini wa kisiwa kuna jabali la Titikala, ambako kwa imani ya Wainka jua lilizaliwa. Mahujaji walikuja hapa kutoka mbali. Bauer na wenzake David Dearborn na Matthew Seddon walipima kilima cha Tikani kilicho magharibi ya jabali hilo wakakuta misingi ya majengo mawili, na mwaka 1998 walieleza kwamba kutoka kwenye uwanja ulio mbele ya jabali, jua la kikomo cha Juni huzama kati ya nguzo hizo mbili. Nilikaa hapo jioni hadi likazama. Nguzo zenyewe zimebomoka, hivyo yahitaji kuambiwa mahali pa kutazama.

Kilichonishughulisha zaidi ni jukwaa dogo lililo nje ya ukuta wa eneo takatifu. Wakubwa waliingia uwanjani karibu na jabali, na mahujaji wa kawaida walibaki kule nje. Nao waliliona jua likizama kati ya nguzo, lakini mbele yao, chini ya jua hilo, waliwaona Wainka wamesimama. Ni ule ujia wa Chankillo kwa namna nyingine, na hapa hakuna aliyefungiwa mlango: kila mtu alionyeshwa siku ile ile, na mahali alipowekwa palimwambia yeye ni nani.

Alhamisi, 20 Juni. Kisiwani, kisha La Paz

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mwenye nyumba alinigongea mlango kama tulivyokubaliana. Mwezi ulikuwa umeinamia magharibi, karibu kujaa. Kaskazini mashariki, juu kidogo ya maji, kilikuwepo Kilimia.

Kwa Kikechua kundi hilo la nyota huitwa *Qollqa*, ghala la chakula. Kwetu jina lake limetokana na kulima. Watu wawili wasiojuana wamezitazama nyota zile zile na wote wakafikiria shamba. Wahenga wetu walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Wakulima wa Andes husoma si kuzuka kwake tu bali pia jinsi kinavyong'aa. Siku hizi za mwisho wa Juni hupanda vilimani kabla ya mapambazuko, na kikionekana hafifu wanatarajia mvua chache na huchelewesha kupanda mbatata kwa wiki kadhaa. Mwaka 2000 Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha katika jarida la *Nature* sababu ya jambo hilo: miaka ya El Niño huja na mawingu membamba ya juu sana yasiyoonekana kwa macho, yanayofifisha nyota, na miaka hiyo hiyo mvua za miezi inayofuata huwa haba. Nilimwuliza mwenye nyumba anakionaje cha leo. Alikunja uso kwa muda mrefu, akasema ni cha wastani, na kwamba mkewe ana macho mazuri zaidi.

La Paz tuliingia jioni. Katika uwanja wa Murillo, juu ya jengo la bunge, kuna saa ambayo tangu Juni 2014 mishale yake huzunguka kwenda kushoto, na tarakimu zimepangwa kinyume. Waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, David Choquehuanca, aliieleza kuwa ni saa ya kusini, kwa kuwa kusini mwa ikweta kivuli cha kijiti huzunguka kushoto. Mimi ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo siwezi kunyamaza: katika nchi za tropiki, La Paz na Makunduchi zikiwemo, kivuli hufanya hivyo sehemu ya mwaka tu, kwani Desemba jua hupita upande wa pili wa utosi. Watalii wa pembeni yangu walihangaika kuisoma. Mimi nimezoea tangu utotoni kuona mshale kwenye saba nikasema ni saa moja, na sikuona taabu.

Waaymara, wenyeji wa uwanda huu, wana jambo lililonihangaisha zaidi ya saa hiyo. Kwao *nayra* ni jicho, ni mbele, na pia ni wakati uliopita; *qhipa* ni mgongoni, na ndiko uliko wakati ujao. Yaliyopita yanaonekana, kwa hiyo yako mbele ya macho. Yajayo hayaonekani, kwa hiyo yako kisogoni. Dereva wa teksi, akinisimulia habari za babu yake, alinyoosha mkono mbele ya kioo cha gari. Sisi tunasema siku za nyuma na siku za mbele, na usiku kucha nilijaribu kujigeuza nikashindwa.

Ijumaa, 21 Juni. Tiwanaku

Tuliondoka La Paz usiku wa manane, kilomita 70 hivi. Mji huu ulistawi karne nyingi kabla ya Wainka, na mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Arthur Posnansky aliutumia mpangilio wa mawe yake kudai kwamba una miaka elfu kumi na tano na zaidi, hesabu ambayo akiolojia imeikataa lakini wauza vitabu njiani hawajaiacha. Lango la Jua limechongwa katika jiwe moja, lenye urefu wa mita 3 na ufa mkubwa juu yake. Michoro yake imesomwa kuwa kalenda na watu wengi, na karibu kila mmoja amepata kalenda yake.

Leo ni Willkakuti, kurudi kwa jua, sikukuu ya taifa la Bolivia tangu 2009. Mwaka unaoanza unaitwa 5532. Kijana mmoja alinieleza hesabu yake bila kuficha: ni vipindi vitano vya miaka elfu moja moja, kisha miaka 532 tangu Wahispania walipofika mabara haya mwaka 1492. Idadi yenyewe, basi, ni ya juzi, na imejengwa juu ya jeraha. Sikuona kwamba hilo liliwapunguzia chochote wale maelfu waliokuwa wakitetemeka pale pamoja nami, barafu ikiwa juu ya nyasi.

Yapata saa moja asubuhi anga la mashariki liligeuka jeupe, watu wakaacha kuzungumza. Mwanamke mzee aliyekuwa mbele yangu alinitazama, akaona nimesimama nyuma ya mtu mrefu, akanivuta kwa mkono wa koti hadi ubavuni pake. Jua likatoka. Wote waliinua mikono, viganja wazi, na mimi nikainua yangu.

Baadaye, tukirudi, niliona kando ya barabara mbatata zimetandazwa juu ya ardhi ili baridi ya usiku izigandishe, na mtu na watoto wake wakizikanyaga peku kuzikamua maji. Ni mwanzo wa chuño, chakula kinachodumu miaka, na hutengenezwa katika juma hizi tu ambazo usiku huganda na mchana hukauka. Niliandika tarehe kwenye daftari: 21 Juni 2024, 14 Mfunguo Tatu 1445, siku ya kwanza ya 5532. Kisha nikaandika pia mahali.